Ikisema Sifuri

Prisca hakupenda kuambiwa jambo mara mbili, na Mzee Mbaruku alikuwa mtu wa kulisema mara kumi. Ndiyo maana mimi nilipata kazi. Mimi ni Nuhu, wa bodaboda pale stendi ya Nachingwea, na kila wawili hao walipokosana kwa simu, ilibidi nimpeleke Prisca Namungo na kumrudisha.

Mbaruku alikuwa na duara kule Namungo. Duara ni shimo la dhahabu, na la kwake lilikuwa refu, lenye matawi huko chini ambako hewa haifiki mpaka isukumwe kwa feni kupitia bomba la plastiki. Prisca ndiye aliyeandika programu ya kuendesha feni hiyo na pampu ya maji. Ilikaa kwenye kompyuta ndogo ndani ya sanduku la bati, hatua chache kutoka mdomo wa shimo, na ilifanya kazi bila lawama. Lawama zilikuwa za mwenye shimo. Leo anataka pampu ianze mapema, kesho anataka ichelewe, keshokutwa kasikia kwa jirani kwamba feni ikipumzishwa dizeli inabaki. Kila badiliko, hata la neno moja, lilimlazimu Prisca aijenge programu upya, tupite Ruangwa, tufike Namungo na vumbi jekundu mpaka kwenye kope, aiweke, tugeuze. Hatujafika nyumbani simu inaita tena. Mzee kafikiria upya.

Mwisho Prisca akachoka. Ndani ya programu yake akapachika mashine nyingine, ndogo, isiyo na chuma wala waya. Aliiita mashine pepe, nami nikamwambia mapepo ayaache Nachingwea, asinipakilie kwenye pikipiki. Akacheka. Alisema mashine hiyo inajua kusoma maagizo mafupi tu, ya Kiswahili cha kawaida. Mbaruku angeandika kanuni zake mwenyewe palepale machimboni, ile mashine ingezisoma na kuzitekeleza, na yeye Prisca angepumzika.

Siku aliyotueleza vizuri tulikuwa Nambambo kwa mama yake, tunakula ugali na kisamvu, mimi nikiwa mgeni wa sinia kama kawaida yangu. Mdogo wake Paschal alikuwepo. Prisca akasema programu kubwa ndiyo mwenye nyumba, na hii ndogo ni mpangaji. Mpangaji anakaa ndani, lakini hafungui mlango ambao hakupewa ufunguo wake. Akitaka kula kupita kiasi anapimiwa. Akizunguka na kazi isiyokwisha, anakatizwa. Akiomba jambo la hatari, mwenye nyumba anakagua kwanza.

Paschal akauliza kapewa funguo zipi. Alikuwa na haki ya kuuliza, maana yeye ndiye aliyekuwa akishuka katika duara lile na nyundo yake.

Prisca akazitaja: kuona kiasi cha mafuta, kuona idadi ya watu walio ndani, kuwasha feni, kuzima feni. Kwenye hilo la mwisho Paschal akaacha kutafuna. Dada yake akamshika bega.

"Mtu akiwa ndani, hata mmoja, mwenye nyumba atakataa," akasema. "Mbaruku aandike atakavyo. Maadamu mtu yumo, feni haizimi."

Maneno hayo yalikuwa ya kweli, na hadi leo ni ya kweli. Nayaweka hapa mapema kwa sababu nimechoka kusikia watu wa stendi wakimsema Prisca kana kwamba alilala kazini.

Kilichobaki kilikuwa hesabu ya watu. Prisca aliweka vitufe viwili kando ya sanduku, mtu akishuka unabonyeza cha kijani, akipanda unabonyeza chekundu. Msimamizi wa duara alikuwa Luhende, Msukuma wa makamo, ambaye baba yake alishuka na ng'ombe kutoka Kanda ya Ziwa na sasa anachunga Mbekenyera. Huku kwetu wafugaji hawapendwi sana, ng'ombe wao wakiingia kwenye ufuta panawaka moto. Lakini hata waliowachukia ng'ombe wa baba yake waliwapeleka vijana wao kwa Luhende, kwa kuwa katika duara lake hakuna aliyewahi kufa. Kila anayeshuka aliacha ndala zake mdomoni mwa shimo, akavaa buti. Luhende hakuandika majina. Alizitazama zile ndala kama baba yake anavyotazama zizi jioni, akajua nani bado. Wenyewe wanasema ng'ombe hahesabiwi. Unamtazama tu, na yule mwekundu mwenye doa asipokuwepo, moyo unakuambia.

Prisca alimwelekeza vitufe kwa uvumilivu ambao mimi sijawahi kuupata kwake. Luhende akaitikia kila kitu kwa "Sawa, dada." Kuna jambo moja hakulisema, na hakulificha kwa ubaya. Hakudhani linahusiana na vitufe.

Kanuni ya kwanza ya Mbaruku ilikuwa fupi. *Kama watu ni sifuri, zima feni.* Alimpigia Prisca simu amsikie akiisoma, kwa sauti ya mtoto aliyeandika jina lake mara ya kwanza. Mpangaji akaisoma kila dakika, akaitii. Mafuta yakabaki kweli, na mzee akafurahi mpaka akabadilisha neno la siri la kanuni, asije mtu wa Nachingwea akamwamulia mambo ya machimbo yake. Prisca hakununa. Kwenye simu yake alibakiza vitu viwili tu, kuona hali ya duara na kitufe cha kuwasha feni. Cha kuzima hakukiweka, kwani alisema hakuna mtu wa mbali anayepaswa kuwa na uwezo wa kuwazimia watu hewa. Hata ile hesabu ya watu aliifunga isiguswe na yeyote asiyesimama mdomoni mwa shimo. Alikuwa makini kiasi hicho.

Jumamosi ile kulikuwa na mpira Ruangwa, timu ya nyumbani na wageni wakubwa, na machimbo yote yalikuwa yamepanga kuacha kazi mapema. Luhende aliomba ruhusa tangu asubuhi, ng'ombe wa baba yake wana homa, akaja Nachingwea kutafuta dawa ya sindano. Nafasi yake akamwachia Hamidi, kijana wa Kimwera aliyependa mpira kuliko chakula. Mchana nilikuwa nimeegesha nje ya kaofisi ka Prisca, nimekaa ndani kwenye kivuli, Luhende alipopita na mfuko wake wa dawa kumsalimia dada. Prisca akamkaribisha, na kwa furaha ya fundi akamwonyesha simu.

Kwenye kioo kulikuwa na maandishi machache. Watu ndani: 0. Feni: imezimwa.

"Umeona, kaka? Wametoka wote, imejizima yenyewe. Sasa hivi tu."

Luhende akaitazama simu muda mrefu. Akauliza nani ametoka wa mwisho. Prisca akasema haionyeshi nani, inaonyesha wangapi. Luhende akaweka mfuko wake chini.

"Dada," akasema taratibu, "hiyo ikisema sifuri, mmoja bado yumo."

Mimi sikuelewa. Prisca naye hakuelewa, akaanza kucheka, kisha uso wa Luhende ukamkatiza. Akaeleza akiwa amesimama, maneno yakimtoka kwa shida. Huko alikojifunzia uchimbaji, mtu wa mwisho kushuka hahesabiwi. Shimo lisijue idadi kamili ya watu wake, likijua litadai. Kwa hiyo wa mwisho akishuka, habonyezewi. Akipanda wa mwisho, habonyezewi pia, na hesabu inarudi sawa. Ndivyo alivyofanya siku zote, na ndivyo alivyomwachia maagizo Hamidi. Feni ilikuwa ikinyamaza wa mwisho akiwa tayari kwenye ngazi. Yeye alidhani Prisca ameipanga inyamaze hivyo.

"Nilijua vitufe ni vya hesabu ya tajiri," akasema. "Sikujua feni inavisikiliza."

"Leo nani wa kubaki chini mwisho?" Prisca akauliza.

"Paschal."

Sijui niseme vipi sauti aliyoitoa Prisca. Haikuwa kilio. Aliminya kile kitufe cha kuwasha, na tukaona maandishi yakibadilika: Feni: inafanya kazi. Nikashusha pumzi. Haikufika hata dakika, maandishi yakarudi. Feni: imezimwa. Akaminya tena, ikawaka, ikazimwa. Mpangaji alikuwa kazini. Anasoma kanuni yake, anaangalia idadi, sifuri, anaomba kuzima, mwenye nyumba anakagua idadi ileile, anaona sifuri, anakubali. Hakuna aliyekosea ndani ya nyumba ile.

Tulipiga simu huku tunatoka. Ya Mbaruku haikupatikana. Ya Hamidi iliita, ikaita, ikakatika. Luhende alimpata mchimbaji mmoja aliyekuwa tayari uwanjani, tukasikia mavuvuzela na mtu akisema ongea kwa nguvu, halafu mtandao ukamchukua. Nikawapakia wote wawili, mshikaki, Prisca katikati. Pikipiki yangu imeandikwa nyuma *Kawia Ufike*. Siku ile nilitamani niipake matope.

Safari nzima Prisca alishika simu mkono mmoja na shati langu mkono mwingine. Alikuwa anaminya kile kitufe kila feni ilipozimwa. Nilisikia kidole chake kikigonga kioo mgongoni kwangu, tap, kisha kimya, kisha tap. Niliomba kimya kile kisizidi. Mtu akiwa chini bila hewa haoni maumivu, Luhende alituambia, anaona usingizi. Anakaa kidogo apumzike, na hapo ndipo palipo na hatari. Mimi nikamwambia anyamaze, na kwa ukali, nami si kawaida yangu kumkaripia mtu aliyenizidi umri.

Tukaingia kwenye yale mabonde ambako mtandao hufa. Nilijua yalipo, kila dereva anajua. Kugonga kwa kidole kukaacha. Nikaongeza mafuta mpaka mashimo ya barabara yakawa yanatupiga kiunoni. Mikorosho ilipita pande zote mbili, imetulia kabisa, na nikaichukia kwa kutulia kwake. Tulipopanda upande wa pili nikasikia tena, tap, na Prisca akalia kwa mara ya kwanza, uso wake ukiwa begani kwangu. Alisema kwa muda wote ule hakukuwa na hewa. Alilisema mara mbili.

Tulipoikaribia Ruangwa tuliusikia uwanja kabla ya kuuona. Watu walinguruma pamoja, nadhani lilikuwa goli. Prisca akanipiga mgongo nisimame. Alitaka kuingia mle amtafute Hamidi kwenye umati, amtoe kwa shingo. Matusi aliyomtukana Hamidi siyaandiki, na mimi niliyaitikia yote. Kijana ameachiwa roho ya mtu, yeye anafuata mpira. Nilimlaani kwa moyo wangu wote, na hilo nalo ninalo mpaka leo.

Luhende peke yake hakumlaani. Alisema, "Twende tu," nikaenda.

Machimbo ya Namungo siku ya kazi yana kelele za jenereta, makarasha ya kusagia mawe, muziki na mama ntilie. Siku ile tuliingia kwenye vibanda vitupu. Maturubai yalikuwa yakipigwapigwa na upepo na mbwa mmoja akatutazama bila kubweka. Feni ya Mbaruku ilikuwa inavuma tulipozima pikipiki. Halafu ikanyamaza, palepale mbele yetu, bila mkono wa mtu.

Prisca, kwa hasira tu, alikuwa ameminya namba ya Hamidi kwa mara ya mwisho. Simu ikaita chini ya turubai, karibu yetu. Ilikuwa juu ya kigoda, ndani ya mfuko wa jezi ya timu iliyokunjwa vizuri kwa ajili ya uwanjani.

Mdomoni mwa shimo kulikuwa na jozi mbili za ndala.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Hamidi aliwaruhusu wenzake waende mpirani, akabaki kumsubiri Paschal aliyekuwa anamalizia kazi. Feni ikajizima. Akaita, hakujibiwa. Akavua ndala zake, akamfuata. Na juu hakukuwa na mtu wa kumbonyezea, wala yeye mwenyewe hakujua kwamba kile kitufe kidogo cha kijani, kilichokuwa usawa wa kiuno chake alipopita, kilikuwa ndicho hewa yote aliyoihitaji.

Luhende akakibonyeza. Moja. Akakibonyeza tena. Mbili. Prisca akaminya kwenye simu, feni ikawaka, na dakika ikapita, nyingine ikapita, ikaendelea kuvuma. Ilikuwa rahisi hivyo. Prisca alikitazama kile kitufe kwa macho ambayo sitaki kuyaona tena kwa mtu ninayempenda kama ndugu.

Tukaiacha hewa ishuke kwanza. Kisha Luhende akajifunga kamba ya winchi, akavua viatu vyake vya mjini, akaviweka kando ya ndala.

"Na wewe," Prisca akasema.

Akasimama. Nilimwona akipigana nalo. Mila aliyoishi nayo tangu ujana, iliyomrudisha nyumbani kila jioni na watu wake wote, ilikuwa inamwambia wa mwisho asihesabiwe. Akanyoosha mkono, akabonyeza ya tatu, akashuka bila kutuangalia.

Mimi na Prisca tulizungusha winchi. Wa kwanza kupanda alikuwa Paschal. Midomo ilikuwa ya majivu, macho hayaoni, lakini kifua kilikuwa kinakwenda. Mkanda wa suruali usio wa kwake ulikuwa umemzunguka kichwa, na chini ya mkanda kipande cha bomba la hewa, kilichokatwa kwa kisu na kufungwa puani kwake. Kila Prisca alipogonga kile kioo njiani, hewa ilifika pale. Mkanda ulikuwa wa Hamidi. Nikabonyeza chekundu, ikabaki mbili.

Kamba iliyofuata ilimleta Luhende peke yake. Alisema Hamidi ameegemea ukuta kwenye kona ya tawi, amekaza, hawezi kumgeuza bila mtu wa pili, na hakuna haraka tena. Akabonyeza chekundu kwa ajili yake mwenyewe. Kwenye kioo cha sanduku ikabaki moja.

Mbaruku alifika na watu wa kwanza kutoka uwanjani, simu yake sasa inapatikana. Hakuwa mtu mbaya, sitaki mumfanye hivyo. Alilia, akamshika Paschal mikono. Lakini mzee ni mzee, sikio lake lilikuwa kwenye jenereta, na baada ya kitambo akamsogelea Prisca kwa upole.

"Binti yangu, hii tungeizima. Marehemu hahitaji hewa."

"Yumo," Prisca akasema. Akasimama mbele ya sanduku, mgongo wake ukifunika vitufe vyote viwili, na hapo hakuna aliyethubutu kumsogeza.

Feni ikavuma mpaka wachimbaji wawili waliposhuka na kumtoa, na hao nao Luhende aliwabonyezea, kushuka na kupanda, mmoja mmoja. Tukamlaza Hamidi juu ya turubai, mtu akamfunika kwa ile jezi. Luhende akabonyeza chekundu kwa ajili yake. Kioo kikaandika sifuri, tukangoja, dakika ikafika, na feni ikajizima yenyewe kama ilivyoandikiwa.

Katika kimya kile, bila kuambizana, watu wote tukageuka kutazama ndala. Za Paschal nilikuwa nimezishika mimi. Viatu vyake Luhende alikuwa ameshavaa. Za Hamidi zilikuwa bado pale.